Daruma ya kisasa: kipi kinaweza kubadilishwa, kipi kikiondolewa si daruma tena

Ni mwanasesere mwekundu, mviringo, asiye na mikono wala miguu, mwenye masharubu mazito na macho mawili meupe yasiyo na mboni. Anaonekana kwenye katuni za Kijapani, kwenye rafu za migahawa ya sushi, na kwenye picha za wanasiasa wa Japani wakisherehekea ushindi usiku wa uchaguzi. Siku hizi anauzwa kwa sura ambazo mafundi wa zamani wasingezitambua kwa haraka: mweusi tii, wa saruji, wa alumini, mwenye taa ndani, hata asiye na uso kabisa. Ndipo maswali yanapoanza. Je, ni sanamu ya kuabudiwa? Je, ya rangi ya dhahabu huleta fedha kuliko nyekundu? Na ukiivua wekundu na masharubu, bado ni daruma au ni pambo tu?

Tuanze na jina. Daruma ni namna Wajapani wanavyomwita Bodhidharma, mtawa wa Kibudha anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa madhehebu yanayojulikana Japani kama Zen, aliyefika China kutoka magharibi katika karne ya 5 au ya 6. Hadithi zinasema alikaa miaka tisa akitazama ukuta katika tafakuri hadi mikono na miguu ikamkauka. Hiyo ni hadithi, lakini ndiyo iliyomfanya mwanasesere wake awe mwili uliofungwa ndani ya joho, bila viungo.

Kitu chenyewe kiko katika kundi ambalo Wajapani huliita engimono, yaani vitu vya kualika heri. Paka anayeinua mkono, anayeitwa maneki-neko, yumo pia katika kundi hilo. Daruma inauzwa mahekaluni, na makuhani huisomea dua. Inauzwa vilevile kwenye maduka ya kawaida na stesheni za treni, nayo hukaa ofisini na kwenye madawati ya wanafunzi wanaojiandaa na mtihani. Mnunuzi hatakiwi kuisujudia wala kuitolea sadaka. Muumini wa dini nyingine ataamua mwenyewe kama anaitaka nyumbani kwake, ila aamue akijua kwamba Wajapani wengi huichukulia kama desturi ya mwaka. Hata watoto wanaitumia katika mchezo. Ule mchezo wa kusogea mwenzako akigeuka na kuganda akikutazama, kwao unaitwa "Daruma-san ga koronda", yaani Bwana Daruma ameanguka.

Sasa utaratibu wake. Daruma ya kawaida inanunuliwa ikiwa na macho matupu. Mwenye nayo huweka nia moja iliyo wazi, kama vile kufaulu mtihani, kumaliza deni, kufungua duka au kupona, kisha huchora mboni moja. Mazoea ya sehemu nyingi ni kuanza na jicho la kushoto la daruma yenyewe, ambalo kwa anayeitazama liko mkono wa kulia, ingawa si kila mahali hufuata mpangilio huo. Kisha inawekwa mahali itakapoonekana kila siku. Nia ikitimia, mboni ya pili huchorwa. Mwisho wa mwaka, au nia ikishatimia, hurudishwa hekaluni na kuchomwa moto kwa heshima, na mwaka mpya huanza na nyingine. Familia nyingi huongeza ukubwa kidogo kila mwaka.

Jicho lile moja tupu hufanya kazi ya daftari la madeni la mwenye duka: jina lako limo, na kila ukipita unajua halijafutwa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakidhani daruma inatenda kazi kwa niaba ya mtu, wakati umbo lake lote limetengenezwa kumkumbusha mtu kazi yake mwenyewe. Msanifu wa leo asipolielewa hilo, atatengeneza kitu kizuri kisicho na kazi.

Chimbuko la daruma inayojulikana zaidi ni mji wa Takasaki, mkoa wa Gunma, kaskazini-magharibi ya Tokyo. Hekalu la Shorinzan Darumaji lilianzishwa hapo mwaka 1697. Mwaka 1783 mlima Asama ulilipuka, na majivu yake yakaongeza ukali wa njaa kubwa ya enzi ya Tenmei. Inasimuliwa kwamba Togaku, mkuu wa tisa wa hekalu, alichonga kalibu ya mbao na kuwafundisha wakulima kubandika karatasi juu yake ili wapate kitu cha kuuza shamba likiwa halina mavuno. Kazi hiyo ikashika mizizi. Leo Takasaki hutajwa kuwa inatoa takriban asilimia 80 ya daruma zote za Japani. Nyusi za daruma ya Takasaki zimechorwa kwa umbo la korongo, na masharubu kwa umbo la kobe. Korongo na kobe, katika mila za Japani, ni alama za umri mrefu. Mtu akisema uso ule ni wa hasira tu, hajautazama vizuri.

Wekundu una sababu zake. Moja ni joho la mtawa. Nyingine, na yenye uzito zaidi kwa wauzaji wa enzi ya Edo (1603 hadi 1868), ni ndui. Watu waliamini kwamba rangi nyekundu humtuliza mungu wa ndui, kwa hiyo vitu vyekundu viliwekwa karibu na watoto wagonjwa, daruma zikiwemo. Ndui iliwapofua wengi, na maelezo yanayotajwa sana kuhusu macho matupu ni kwamba wanunuzi wa mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, walichagua sana daruma zenye macho yaliyochorwa vizuri, hata wauzaji wakaona heri kuyaacha wazi wanunuzi wachore wenyewe. Ugonjwa huo umeshaondoka duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya asili alipatikana Merca, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Kwa hiyo kazi moja kubwa ya rangi nyekundu ilishakwisha, na anayebadilisha rangi leo havunji mwiko wowote.

Wala utofauti si jambo la juzi. Daruma za Shirakawa, mkoa wa Fukushima, zina uso uliojaa korongo, kobe, msonobari, mwanzi na maua ya mplamu. Mkoa wa Yamanashi una daruma nyeupe. Matsuyama, kisiwani Shikoku, wana daruma ya kike. Ile iitwayo Matsukawa, kule Sendai, ina rangi ya buluu pembezoni mwa uso, na macho yote mawili yamechorwa tangu dukani kwa sababu kazi yake ni kulinda nyumba kwa kutazama. Hii ya mwisho ni muhimu kuikumbuka. Daruma yenye macho kamili ipo na ni halali, lakini inabeba ahadi ya aina nyingine. Msanifu achague mojawapo kwa kujua, asichore macho kwa sababu tu matupu yanatisha wateja.

Kuhusu maana za rangi, tuseme wazi. Orodha zinazozunguka mitandaoni, kwamba dhahabu ni fedha, waridi ni mapenzi, kijani ni afya, nyeusi ni biashara isiyo na hasara, si maandiko ya kale. Ni mazoea ya maduka, na hutofautiana kutoka duka moja hadi jingine. Kuna mizizi kidogo katika mfumo wa Kichina wa rangi tano, lakini sehemu kubwa ni biashara ya kisasa. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kumwambia mnunuzi kwamba daruma yake nyekundu haina nguvu ya kumpa kazi kwa sababu alipaswa kununua ya zambarau.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wasanifu wengi hulikosea: kuinuka. Daruma ya jadi ni ya ukoo wa wanasesere wanaosukumwa wakainuka wenyewe, na Wajapani huiambatanisha na msemo wa kuanguka mara saba na kuinuka mara nane. Kinachoiinua ni mpangilio wa uzito. Kitako kikiwa duara, kichukulie kama kipande cha mpira wa kuchezea; mpira huo mzima una kitovu chake. Ikiwa kitovu cha uzito wa daruma nzima kiko chini ya kitovu hicho, itainuka. Kikiwa juu yake, italala. Vikilingana, itabaki popote utakapoiweka.

Chukua daruma ya urefu wa sentimeta 18 yenye kitako cha nusu tufe, nusu kipenyo sentimeta 8. Ganda la karatasi na rangi lina gramu 60, na kitovu chake cha uzito kiko sentimeta 9 juu ya meza. Bila chochote ndani, italala, kwa sababu 9 ni zaidi ya 8. Weka ndani uzito ambao kitovu chake kiko sentimeta 1.5 juu ya meza. Gramu 10 zinashusha kitovu cha pamoja hadi karibu sentimeta 7.9, na daruma itainuka kwa uvivu mno kiasi kwamba kasoro ndogo ya kitako itaizuia. Gramu 70 zinakishusha hadi karibu 5, na inainuka vizuri ikiyumba polepole. Gramu 200 zinakipeleka karibu 3.2, nayo huruka wima kwa mshtuko, na ule mwendo wa mtu anayejikongoja hadi asimame unapotea kabisa.

Badilisha malighafi uone. Daruma hiyohiyo ikitengenezwa kwa plastiki ya printa ya 3D na ganda likawa gramu 150, uzito wa chini unaohitajika ili kufika sentimeta 5 ni karibu gramu 170. Ndiyo maana anayenakili umbo bila kupiga hesabu upya hupata daruma inayolala. Saruji ndiyo ngumu zaidi. Ukimimina kitu kigumu chote, bila uwazi, chenye umbo la yai na kimo kuliko upana, hakitainuka, kama yai lisivyosimama lenyewe. Saruji inahitaji uwazi mkubwa sehemu ya juu. Vinginevyo ukubali kwamba umetengeneza sanamu ya kusimama tu.

Printa ya 3D ina mtego mwingine. Tabaka la kwanza huchapwa bapa kwenye sahani, kwa hiyo daruma iliyochapwa ikiwa imesimama hupata duara dogo bapa palepale inapopaswa kubingirika. Hata kipande bapa cha sentimeta 2 kinatosha kuifanya igonge na kusita kila inapopita katikati. Chapa kitako peke yake kikiwa kimepinduliwa, mdomo wake ukiwa ndio ulioshika sahani, kisha ukisugue kwa msasa namba 240, halafu 400, kabla ya kuunganisha.

Usanifu mpya wa daruma kwa kawaida hupita njia nne. Ya kwanza hubadilisha rangi na michoro tu na kuacha mwili wa Takasaki ulivyo. Hii ndiyo salama kuliko zote, na karakana za huko huchukua oda za rangi za makampuni na harusi. Ya pili hubadilisha malighafi. Ya tatu hupunguza: masharubu yanakuwa mistari miwili, uso unakuwa duara jeupe, maandishi ya dhahabu tumboni yanaondoka. Ya nne huongeza kazi: taa, kibubu, kishikio cha kalamu.

Njia ya tatu naiona kuwa ndiyo yenye matunda zaidi, ikiwa mpunguzaji anajua asimamie wapi. Masharubu yanaweza kuondoka. Wekundu unaweza kuondoka. Hata nyusi. Vikibaki mwili usio na viungo, matundu mawili meupe na kitako kinachoinuka, mtu aliyekulia Japani ataitambua mara moja. Akiondoa macho kabisa ili uso uwe laini na "safi", hapo ameondoa mahali pa kuandika ahadi, na mnunuzi hana la kufanya ila kuitazama. Njia ya nne huharibika kwa sababu ya kitako. Taa inahitaji waya, waya unahitaji kitako kisichobingirika, na daruma isiyoanguka haina cha kuinukia. Betri ndogo ikiwekwa chini kabisa kama sehemu ya uzito hutatua tatizo hilo kwa kiasi.

Mjadala huu wa jadi na usanifu mpya ulishawahi kukaa ndani ya uwanja uleule wa Shorinzan. Msanifu majengo Mjerumani Bruno Taut, aliyeondoka Ujerumani Wanazi waliposhika madaraka, aliishi kwenye nyumba ndogo ya hekalu iitwayo Senshintei kuanzia 1934 hadi 1936. Akiwa Takasaki alisanifu vyombo kwa mianzi, mbao na nguo pamoja na mafundi wa Gunma, na kazi hizo ziliuzwa Ginza, Tokyo, katika duka lililoitwa Miratiss. Aliwakemea waziwazi wanaobandika mapambo ya Kijapani juu ya kitu cha kigeni na kukiita kipya. Alitaka fundi aanzie kwenye malighafi na namna inavyofanya kazi. Kwa daruma, ushauri huo unamaanisha kuanza na karatasi na uzito, kisha ndipo uso.

Anayetaka kujaribu mwenyewe anaweza kutumia vitu vya dukani. Karakana za leo za Takasaki hutumia uji wa karatasi zilizorejelezwa, unaovutwa kwa pampu ya hewa kwenye kalibu ya chuma yenye matundu. Njia ya zamani ya kubandika ndiyo inayofaa nyumbani. Tengeneza kalibu kwa udongo wa mfinyanzi au mbao laini, uipake mafuta ya kujipaka ili karatasi isishike. Pika gundi kwa kikombe kimoja cha unga wa ngano na vikombe vinne vya maji, ukikoroga mpaka ing'ae. Chana magazeti kwa mikono vipande vya upana wa sentimeta 2 hadi 3. Usikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa hulala na ule uliokatwa huacha mstari chini ya rangi. Bandika tabaka mbili, acha zikauke, kisha mbili nyingine, hadi sita. Anayebandika sita kwa mkupuo mmoja, hasa mahali penye unyevu kama pwani, hupata ukungu ndani na ganda linalojikunja.

Likikauka kabisa, lipasue mgongoni kwa kisu chembamba, litoe kwenye kalibu, na uufunge mpasuo kwa gundi nyeupe ya mbao na vipande viwili vya karatasi kwa nje. Weka uzito kitakoni kabla ya kuufunga mpasuo huo: udongo uliokauka, au nati za chuma. Usigundishe moja kwa moja. Ushike kwanza kwa gundi ya utepe, ibingirishe daruma mezani, na kama inaegemea upande mmoja sogeza uzito milimita chache upande wa pili. Uzito uliokaa kando kwa milimita 3 tu huonekana kwa macho, daruma ikasimama kama inasikiliza mlangoni.

Kabla ya rangi kuna tabaka jeupe. Mafundi hutumia gofun, unga wa kombe za chaza uliochanganywa na gundi ya ngozi na mifupa. Nyumbani, unga wa chaki uliochujwa na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji hufanya kazi hiyo. Paka mikono minne myembamba, usugue kwa msasa baada ya wa pili na wa nne. Mkono mmoja mzito utapasuka ukikauka, na nyufa zitatokeza hata juu ya rangi. Kisha rangi ya akriliki kwa mwili, uso mwisho.

Macho yaache bila vanishi. Hili ni kosa la kawaida la daruma za kisasa zinazong'aa: mwili mzima umepakwa vanishi, mnunuzi anaweka nia yake, anachovya brashi, na wino unajikusanya matone na kutiririka shavuni. Funika macho kwa gundi ya utepe wakati wa kupaka vanishi, na uyaache na chaki isiyong'aa ili wino mweusi unyonywe. Na kuna mjadala ambao msanifu wa leo hawezi kuupita. Vikundi vya watu wasioona nchini Japani vimewahi kulalamika kwamba kuonyesha ushindi kwa kukamilisha macho kunawahesabu wao kuwa watu pungufu, na baadhi ya wanasiasa wameacha desturi hiyo kwenye sherehe zao. Alama nyingine inawezekana, kwa mfano tundu la kuingiza kigingi cha mbao kifuani, ambalo pia linaguswa kwa vidole.

Limebaki suala la mwisho wa safari yake, ambalo kwangu ndilo kipimo kigumu cha usanifu wowote mpya. Daruma ya karatasi inachomwa. Kila Januari mahekalu hupokea lundo la daruma za mwaka uliopita na kuziteketeza. Plastiki na resini hutoa moshi wenye sumu, alumini na saruji haviungui, betri zinaweza kulipuka. Anayezitumia amevunja mzunguko, na daruma yake itabaki kabatini ikiwa na macho mawili yaliyotimia na hakuna pa kuipeleka. Njia nyepesi ni kuufanya uzito utoke. Acha tundu la sentimeta 4 kitakoni, lifunge kwa kizibo cha karatasi ngumu kilichobanwa bila gundi, na nati za chuma ziwe ndani ya kifuko cha kitambaa kinachoshonwa kwenye kizibo hicho. Mwaka ukiisha, kizibo kinavutwa, ganda linakwenda motoni, na kifuko kinaingia kwenye daruma inayofuata.